Land Cruiser mkonga na Range Rover Sport: nimeendesha yote mawili, nimelipia moja

Mkonga, ile Land Cruiser ya kazi yenye bomba la hewa pembeni ya kioo, wa mwaka 2006: milioni 58. Range Rover Sport ya mwaka 2008, ya dizeli, viti vya ngozi: milioni 42. Naanza na bei kwa sababu kila anayeniona na mkonga huu anadhani nilikosa hela ya Range. Sikukosa. Niliongeza milioni 16 juu nikachukua gari lisilo na kiyoyozi wala redio, lenye vioo vya kuzungusha kwa mkono na mabenchi ya bati nyuma. Nina miezi saba nalo sasa, na maswali yamekuwa mengi hadi nimeona niandike.

Nina duka la dawa za mifugo hapa Dodoma mjini. Jumamosi utanikuta mnada wa Msalato. Siku nyingine tatu za wiki niko vijijini, Bahi, Chemba na upande wa Chamwino. Nabeba chanjo za ng'ombe na za kuku, dawa za kuogeshea, mawe ya chumvi, na mara nyingine mbuzi wa mtu, akapasuliwe mjini. Mzigo wenyewe si mzito sana. Tatizo ni chanjo, kwa sababu inataka nyuzi joto 2 hadi 8, na ukiiweka kwenye boksi la barafu umeanza kuhesabu saa.

Gari nililokuwa nalo mwanzo lilikuwa dogo, la chini, zuri kwa lami. Februari mwaka jana nikaenda nalo upande wa Farkwa. Kiangazi njia ile ni ngumu kama sakafu. Kifuku kikiingia, udongo mweusi wa mbuga unageuka ugali: unashika kwenye tairi, unajaza matao, gurudumu linazunguka bila kuuma chochote. Nilinasa saa nne asubuhi. Tulitolewa saa kumi jioni, na walionitoa ni maksai sita wa mzee mmoja aliyeacha shamba lake kwa ajili yangu. Barafu ilikuwa imeshakuwa maji ya uvuguvugu. Kijijini akina mama walikuwa wamewafungia kuku wao tangu usiku, maana chanjo ya mdondo ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, na kuku akishafunguliwa asubuhi humpati tena. Mmoja akaniuliza, "Daktari, sasa tuwafungulie?" Nikamwambia wafunguliwe. Chupa zote nilizifukia. Siku ile ndiyo niliyoamua kununua gari lingine, na jibu langu kwa yule mama ndilo nililopimia kila gari baadaye.

Mume wangu alitaka Range, na sikuona kosa. Yeye ni mtumishi, alihamia huku na wizara yake, na kwa miaka kadhaa alikuwa akienda Dar na kurudi kwa barabara. Hoja yake ilikuwa kwamba familia inahitaji gari la safari ndefu, salama, lisilochosha. Kijana wa yadi alituachia gari asubuhi mbili, yeye akikaa kiti cha nyuma.

Nitasema ukweli wote kuhusu gari lile, kwa sababu nimesoma watu wengi wakilisema vibaya bila kulikalia. Nilipotoka nalo kuelekea Bahi kwa barabara ya Singida, kwenye kilomita 100 kwa saa tuliongea kwa sauti ya chumbani. Injini yake ni V6 ya lita 2.7 yenye turbo, na ukikanyaga kupita lori, unapita. Breki zinashika bila gari kuinamisha pua. Kompyuta yake ilisoma lita 10 kwa kilomita 100 za lami, na hapo nilishangaa, kwa sababu mkonga hauwezi hata kusogelea namba hiyo. Anayekwambia gari la kifahari lazima linywe kuliko jembe la kazi, mwambie kwanza aangalie injini iliyo ndani.

Karibu na Bahi tukaacha lami. Nilikuwa nimejiandaa lizame kwenye mchanga wa korongo. Halikuzama. Katikati ya viti kuna kitufe cha kuzungusha chenye alama za njia: ya kawaida, nyasi na changarawe, tope, mchanga, mawe. Unachagua, gari linajipanga lenyewe, kanyagio la mafuta linakuwa na utulivu, na gurudumu likianza kuteleza kompyuta inalifunga breki ili nguvu iende kwenye gurudumu lenye kushika. Ukibonyeza kitufe kingine linanyanyuka zaidi ya sentimita 5. Tulivuka korongo lile mara mbili. Yule kijana wa yadi alikuwa akitetemekea bampa kuliko mimi.

Asubuhi ya pili tulikwenda Mvumi kumchukua mama yangu. Ana magoti mabovu, na kupanda gari kwake ni kazi ya kushikwa mikono miwili. Mume wangu akabonyeza kitufe cha kushusha. Gari likapumua, likashuka kama sentimita 5 chini ya kimo chake cha kawaida, likamsubiri. Mama alisimama akaliangalia hadi likatulia. Kisha akaingia mwenyewe, akajiweka vizuri, akasema, "Gari hili lina adabu."

Nilirudi mjini nimeshapoteza msimamo wangu. Kama ningelipa jioni ile, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kesho yake nikalipeleka kwa fundi wangu, Kizota. Akalichomeka mashine ya kupimia. Hakuna hitilafu iliyotoka. Akalala chini ya gari nusu saa, akaangalia mafuta, akasikiliza injini ikiwaka ya baridi, akasema gari ni zima na aliyelitunza alikuwa na akili. Nilitegemea aniambie, "Basi lipa." Badala yake akauliza, "Daktari, hili gari utalitumia wapi?"

Nikamwambia.

Akanivuta karibu na gurudumu la mbele. Hapa, akasema, hakuna springi ya chuma. Kuna mpira uliojaa hewa, kila gurudumu na wake, na kompresa moja inayoijaza yote. Mpira ni mpira. Miaka inaukausha, vumbi letu la Dodoma linausugua. Ukianza kuvuja kidogo tu, kompresa inafanya kazi bila kupumzika hadi nayo inachoka. Kompresa ikichoka, gari linakaa chini na kimo chote kile kinaondoka, porini ulipo. Dereva hana cha kufanya kwa spana. Akaendelea na dizeli: mfumo wa injini ile unasukuma mafuta kwa presha kubwa sana kupitia vitundu vidogo mno vya nozeli, na mfumo huo unataka mafuta safi. Mimi kuna siku nanunua dizeli ya kwenye madumu, kwa sababu pampu iliyo karibu iko nyuma yangu kilomita 60. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua kabisa: kwenye magari ya familia ile kuna kazi, kama ya kufikia turbo, ambazo mafundi wengi huona ni nafuu kunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi. Nikawaza bodi la gari langu likining'inia kwenye winchi na mimi nikiwa na miadi ya chanjo Alhamisi.

Na tairi. Range ilivaa 255/50 kwenye rimu za inchi 19. Ni pana, zimelala, nzuri kwa kona. Jiwe la pembeni likichana ubavu wake, hakuna kijiji ninachokwenda chenye mtu wa kuishona.

Sikutaka kuamua kwa maneno ya mtu mmoja, hata kama namwamini. Nikafanya zoezi ambalo ningemshauri yeyote alifanye kabla ya kulipia gari lolote lililotumika: nikaandika spea nne kwenye karatasi, filta ya dizeli, pampu ya maji, shokapu au mpira wa hewa wa mbele, na seti ya breki. Nikazunguka maduka matano ya spea hapa mjini, kila duka nikiuliza za magari yote mawili. Za mkonga nilizipata zote siku ileile, nyingine za aina tatu, halisi, za kati na za bei ya chini, na muuzaji akinishauri zipi nisiguse. Za Range nilipata filta na breki. Vilivyobaki nikaambiwa niagize Dar, na wawili kati ya wale watano wakasema hata Dar huenda visubiriwe kutoka nje. Si dharau kwa gari. Dodoma magari hayo bado ni machache, na duka haliweki rafu kwa wateja wawili kwa mwaka.

Mkonga niliupata kwa mtu aliyeununua mnadani, uliwahi kuwa wa mradi. Dodoma siku hizi magari ya aina hii yanapatikana kuliko zamani, kwa kuwa ofisi nyingi zipo hapa na zinapouza magari yaliyochakaa, yanaishia mitaani kwetu. Usifurahie mno neno "mradi". Kuna gari la mradi lililotunzwa kwa kitabu, na kuna lililoendeshwa na kila mtu bila kuhurumiwa na yeyote.

Injini yake ni ile 1HZ ambayo Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1990: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 4,164, haina turbo, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma bila kompyuta ya kuiamuru. Nyuma ina springi za majani, mbele za kuviringishwa. Matangi mawili ya lita 90 kila moja. Tairi ni 7.50R16 zenye tyubu, na tyubu hata kijana wa baiskeli anaweza kuiwekea kiraka.

Fundi aliukagua kwa ukali kuliko alivyoikagua Range. Alitaka kuuona ukiwa haujawashwa tangu jana yake, aone moshi wa kwanza. Alifungua kifuniko cha mafuta ya injini injini ikiwa inanguruma, aone kama hewa inapuliza kwa nguvu, dalili ya ringi kuchoka. Alilinganisha namba ya chesisi na kadi, herufi kwa herufi, akapitisha kidole kwenye chesisi akitafuta mahali palipochomelewa. Palikuwa na mahali pamoja, karibu na springi ya nyuma kushoto, na kwa hapo tulishusha bei kutoka milioni 61. Halafu mkanda wa taiming. Magari haya yana taa kwenye dashibodi inayowaka kilomita za kubadilisha mkanda zikifika, lakini taa inazimika hata mtu asipobadilisha mkanda, akiirudisha nyuma tu. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Kwa hiyo tulinunua gari Ijumaa, Jumatatu mkanda ukabadilishwa, bila kumuuliza mwenye gari wa zamani alibadilisha lini.

Sasa ubaya wake, maana anayekusifia mkonga tu hajausafiria.

Una kelele. Ukifika kilomita 80 kwa saa mimi na msaidizi wangu tunaacha kuongea. Mlima wowote unakukumbusha kwamba hakuna turbo, na malori ya Kibaigwa yaliyojaa mahindi nayafuata nyuma kwa subira kwa sababu sina nguvu ya kuyapita kwa usalama. Bila mzigo, springi za nyuma zinakurusha. Mgongo wangu ulilalamika mwezi mzima wa kwanza, hadi nilipozoea kuacha magunia mawili ya chumvi nyuma muda wote. Vumbi linaingia kwa milango ya nyuma hata ubadilishe raba. Klachi ni nzito, na siku ya foleni ya mjini mguu wa kushoto unajua. Unakula lita moja kwa kilomita 7 hivi, kwa hesabu yangu ya vituo vya mafuta. Na kila sevisi unamimina karibu lita 10 za oili.

Linaloniuma kuliko yote hayo ni usalama. Gari langu halina mifuko ya hewa wala breki zinazozuia gurudumu kujifunga. Mabenchi ya nyuma yanatazamana na hayana mikanda. Range ilikuwa na vyote hivyo. Kwenye lami, ajali ikitokea, ningependa watoto wangu wawe ndani ya Range, na siwezi kulizunguka jambo hilo. Nilichofanya ni hiki: benchi moja nimeling'oa, hapo linakaa boksi la barafu na dawa. Lingine halikaliwi na mtu gari likiwa linatembea. Watoto hawapandi mkonga kwa safari ndefu. Sisafiri usiku, na mwendo wangu wa juu ni 80. Kwa Dar tunapanda treni. SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ile ikawa ya kama saa nne, na hoja kubwa ya mume wangu ikapungua uzito bila mimi kubishana naye.

Januari mwaka huu nilirudi Farkwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tulitoka mjini saa tisa usiku, siku pekee niliyovunja sharti langu la usiku, na nilimweka dereva mzoefu. Lami ya Kondoa hadi Chemba haina neno. Tulipoiacha, kulikuwa kunaanza kupambazuka, na mbuga ilikuwa inang'aa maji. Dereva akashuka, akafunga loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, moja kushoto, moja kulia. Akarudi, akaingiza gia nzito, akapunguza upepo wa tairi kidogo. Hakuna kitufe cha kuchagua tope. Kuna mtu anayejua asikanyage na asisimame. Gari lilitembea upande upande kama ng'ombe anayevuka mto, tope likipiga sakafu, injini ikivuta polepole bila kupandisha sauti. Pale tuliponasa mwaka jana nilipatambua kwa mti. Tulipita.

Saa moja na nusu tulikuwa kijijini na barafu bado ni mawe. Kuku walikuwa wamefungwa. Tulimaliza kaya ya mwisho kabla ya saa sita, na yule mama aliyeniuliza mwaka jana alinishikia kuku wake mmoja mmoja, akiwageuza kichwa jicho liwe juu.

Mtu akiniuliza leo anunue lipi, namuuliza alichoniuliza fundi. Kama maisha yako ni Area D, Mji wa Serikali Mtumba, na Morogoro mara moja kwa mwezi, na una milioni 10 zimekaa pembeni kwa ajili ya matengenezo na huzigusi kwa ada wala kwa harusi, chukua Range iliyokaguliwa vizuri. Utalipa pungufu kuliko mimi, utasafiri salama kuliko mimi, na mgongo wako utakushukuru. Nisingekuonea huruma hata kidogo. Kama gari ndilo linalokupeleka kwenye kazi mahali ambapo simu inashika ukipanda kichuguu, chukua mkonga, na usidanganywe na wanaosema ni wa bei rahisi. Huuzwa ghali uchakavuni kwa sababu wanaouhitaji hawana cha kuuwekea badala.

Kuna kitu kimoja sijakipatia dawa. Mara ya kwanza nilipokwenda Mvumi na mkonga, mama alitoka nje, akanipokea shikamoo yangu, akauangalia mlango ulivyo juu. Hakusema kitu. Nilimnyanyua mimi na jirani, akakaa akiwa ameshika kanga yake kwa nguvu hadi tukafika lami. Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi seremala vipimo, akanitengenezea kigoda cha mninga cha ngazi mbili, chenye kamba. Kinakaa nyuma ya kiti cha dereva. Tukifika nakishusha, mama anakanyaga, anasimama, anakanyaga tena. Halafu nakivuta kwa kamba tunaondoka. Juzi aliniuliza lile gari lenye adabu liliuzwa kwa nani.